Neno lililomtangulia daktari: kisa cha muuguzi wa Uvira katika mafunzo ya usaidizi wa tiba

Mtoto alikuwa na miaka minne, na kipimajoto kilisoma 102.6. Kwa aliyekulia kwenye sentigredi namba hiyo haisemi kitu mpaka uipigie hesabu: ni 39.2, homa kali. Mama yake alikuwa amemfunika kitenge juu ya koti, maana nje ilikuwa Januari ya Lexington, Kentucky, na familia ilikuwa na siku 16 tu tangu ishuke kwenye ndege. Aliyempima mtoto alikuwa mwanafunzi, wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo. Robo saa baadaye alikuwa ameshatamka sentensi moja iliyomletea barua ya onyo. Kwa sentensi hiyohiyo mama wa mtoto alimpa mwanawe dawa ambazo hakuna aliyemwandikia, na kwa sentensi hiyohiyo, huenda, mtoto alipata kipimo alichostahili.

Nimekifikiria kisa hiki kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mwanafunzi nitamwita Mama Mapacha. Jina si lake, ila mapacha ni wa kweli na wamemaliza darasa la tano. Habari za mtoto nimezisikia kwa mama yake mwenyewe, aliyeniruhusu kuzieleza, na nimegeuza mambo machache ili asitambulike. Mimi ni msaidizi wa tiba kwenye kliniki nyingine ya mji huohuo, mwaka wa kumi na moja sasa, na Jumamosi huketi ukumbini kanisani kuwasaidia watu wa kwetu kujaza fomu. Kwa hiyo sisimulii kwa mbali. Mama Mapacha aliingia masomoni kwa ushauri wangu.

Jina moja, kazi mbili

Baba yangu alikuwa "medikali asistanti" huko Kigoma, enzi ambazo cheo hicho bado kilikuwepo Tanzania. Alikuwa anamsikiliza mgonjwa, anampima, anaamua ugonjwa, anaandika dawa, na usiku anaamshwa kwa ajili ya mama aliyeshindwa kujifungua. Wagonjwa walikuwa wanamwona daktari wa shahada kwa nadra. Cheo hicho baadaye kilibadilishwa jina, leo tunamwita Tabibu, na anasoma miaka mitatu mpaka stashahada. Kenya na Uganda nao wana kada ya namna hiyo. Kwa watu wa kizazi cha baba, ukisema mwanao anasomea umedikali asistanti, wanaelewa kwamba anakwenda kutibu.

Marekani jina ni hilohilo, kazi ni nyingine kabisa. Msaidizi wa tiba hapa anamwita mgonjwa kutoka ukumbi wa kusubiri, anampima uzito, presha, joto, mapigo na oksijeni, anaandika kilichomleta na dawa anazotumia, anampeleka chumbani. Anatoa damu, anachoma chanjo, anapiga picha ya umeme wa moyo, anapigia simu duka la dawa, anapambana na makaratasi ya bima. Hatambui ugonjwa. Hatafsiri majibu ya maabara. Hamwambii mgonjwa asubiri nyumbani au aende hospitali isipokuwa ametumwa na mwenye leseni. Majimbo mengi, Kentucky likiwamo, hayampi leseni ya serikali. Anafanya kazi chini ya leseni ya mtu mwingine, na akivuka mpaka ni huyo mwingine anayeulizwa. Jimbo la Washington ni tofauti, huko lazima asajiliwe na idara ya afya ya jimbo.

Sasa mweke Mama Mapacha katikati ya maana hizo mbili. Alisoma miaka minne kwenye taasisi ya ufundi wa tiba, ile ITM ambayo kila Mkongo anaijua, akatoka muuguzi A2. Kituo chake kilikuwa kwenye milima ya nyuma ya Uvira. Titulere, kama Wakongo wanavyomwita muuguzi mkuu wa kituo, alikuwa akisafiri mara kwa mara kufuata dawa, na wiki hizo Mama Mapacha ndiye aliyekuwa kila kitu. Halafu vita, halafu ziwa, halafu miaka tisa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, Tanzania. Huko alifanya kazi ya posho kwenye zahanati ya kambi. Ukijumlisha, ni miaka kumi na mitano ya kuona homa za watoto. Sidhani kama kuna daktari hata mmoja katika kliniki aliyopelekwa kwa mafunzo aliyewahi kuona watoto wa malaria nusu ya hao aliowaona yeye.

Huyu ndiye tuliyempeleka kujifunza kutosema ugonjwa.

Alivyofika darasani

Sehemu hii nitaipita haraka, ingawa ndiyo watu wengi huniuliza. Alipofika alifanya kazi ghalani, zamu ya usiku, akibandika lebo kwenye maboksi. Mwaka wa pili akaja mezani kwangu na karatasi ya chuo cha biashara: miezi tisa, kompyuta ya bure, "tutakusaidia kupata kazi". Walikuwa wamemtaka asaini mkopo siku ileile. Nilimwomba asisaini, nikamweleza habari za Corinthian Colleges, kampuni iliyokuwa na vyuo vya Everest, ambavyo usaidizi wa tiba ulikuwa miongoni mwa kozi zake. Ilifunga milango yote Aprili 2015, wanafunzi wakabaki na madeni. Ilichukua mpaka Juni 2022 kwa serikali kutangaza kufuta deni la dola bilioni 5.8 za watu 560,000 waliokopa kusoma kwenye vyuo vya kampuni hiyo. Miaka saba ni mingi kumngoja mtu akufutie deni.

Akaenda chuo cha jamii. Mkimbizi ana haki ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kama raia, na ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, mwaka ule ilifika mpaka dola 7,395. Ilitosha. Kozi ilikuwa na ithibati ya CAAHEP, chombo kinachokagua kozi za afya, maana yake angeweza kufanya mtihani wa taifa wa CMA, cheti cha msaidizi wa tiba.

Kwa nini asirudi kwenye uuguzi wake? Swali la haki. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2023, mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka, na wa msaidizi wa tiba 42,000. Lakini A2 ni elimu ya ngazi ya sekondari, mabaraza ya uuguzi huku mara nyingi hayaioni kuwa sawa na ya kwao, na chombo kinachokagua vyeti kinataka chuo chenyewe kitume matokeo. Chuo chake hakina tena hata mlango. Tulijaribu miezi minne tukaacha.

Darasani alikuwa wa mbele kwenye mikono na wa nyuma kwenye kalamu. Kutoa damu alikuwa anawafundisha wenzake, hata mpangilio wa mirija aliushika siku moja: chupa za kuotesha vijidudu kwanza, halafu bluu, nyekundu au dhahabu, kijani, zambarau, mwisho kijivu. Kilichomtesa ni alama ya mkato. Amesoma kwa Kifaransa, ambako nusu huandikwa 0,5. Kwenye zoezi moja aliandika hivyo, mkato wake ukawa mdogo, mkufunzi akasoma 05. Dozi mara kumi! Hapa kuna sheria kali juu ya jambo hili: sifuri lazima itangulie nukta, na baada ya namba kamili usiandike nukta na sifuri. Tangu 2004 hospitali zinazokaguliwa na Joint Commission zina orodha ya maandishi yaliyopigwa marufuku, na hayo mawili yamo. Aliandika 0.5 mara mia kwenye daftari la mwanawe mpaka mkono ukasahau.

Nataja mkato kwa sababu chuo kiliuona, kikausahihisha, kikampongeza. Kile kingine, tabia ya kuamua ugonjwa, hakuna aliyekiona. Mipaka ya kazi ilifundishwa siku moja kwa slaidi na maswali kumi ya kuchagua. Alipata kumi kwa kumi.

Robo saa yenyewe

Mafunzo kwa vitendo ni saa 160 bila malipo. Kliniki yake ilikuwa ya familia, yenye wagonjwa wengi wa jumuiya yetu, msimu wa mafua umepamba moto. Asubuhi hiyo msaidizi aliyekuwa akimsimamia alikuwa na vyumba vinne. Alichukua tableti ya mkalimani, akakuta foleni ya kusubiri mkalimani wa Kiswahili, akamgeukia Mama Mapacha: wewe unaongea lugha yao, hebu muulize ana nini, narudi.

Mlango ukafungwa. Mama wa mtoto aliposikia "habari za asubuhi, mama" karibu alie. Mtu aliyekaa siku 16 kwenye nchi ambayo hata mashine ya tiketi inamshinda amempata mwenzake, tena mwenye vazi la kazi la bluu.

Akaeleza. Homa siku ya tatu. Inapanda jioni, inashuka alfajiri. Usiku wa jana alitetemeka "kama kuku aliyenyeshewa". Ametapika mara moja. Hali chakula. Sikio analishikashika, lakini hilo mama alilisema mwishoni, kama kitu cha kuongezea tu. Kisha akasema jambo zito kuliko yote: kabla ya safari walipewa dawa mseto za malaria, dozi sita kwa siku tatu, kama wanavyopewa wakimbizi wa kwetu kabla ya kupanda ndege, na mtoto alizitapika dozi mbili walipokwisha kurudi nyumbani. Hakumwambia mtu. Aliogopa safari isije ikaahirishwa.

Mama Mapacha alishusha kope la chini la mtoto akatazama weupe. Akamlaza, akaingiza vidole chini ya mbavu za kushoto kutafuta bandama. Hakuna aliyemfundisha hayo Kentucky. Mikono ilijiendea yenyewe.

Kisha akasema: "Mama, hii ni malaria. Usiogope, watampa dawa."

Kwenye faili la kompyuta, mahali pa kuandika sababu ya kuja, akaandika neno moja: malaria. Akatoka kumwita msimamizi.

Aliyeingia baadaye alikuwa muuguzi mwenye ruhusa ya kutibu, na mkalimani sasa alikuwa amepatikana kwa simu. Aliona neno kwenye skrini, akashtuka, akauliza lini wamefika nchini. Fomu ya mapokezi ilikuwa na swali hilo, lakini ilikuwa ya Kiingereza na mama alikuwa ameiacha tupu. Akampima mtoto mwili mzima, na ndani ya sikio la kulia akakuta ngoma nyekundu iliyovimba. Akamweleza mama kwamba tatizo linaonekana ni sikio, ila kwa kuwa wametoka kwenye malaria mtoto lazima apelekwe hospitali sasa hivi damu itazamwe. Mama akajibu kupitia simu: daktari aliyetoka ameshasema ni malaria.

Daktari yupi? Hapo ndipo kila mtu alipomtazama Mama Mapacha.

Hospitali ilitazama damu, haikuona vijidudu. Kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakimalizi maneno. Utaratibu ni kurudia kila baada ya saa 12 hadi 24 mpaka vifike vitatu. Mama akapewa dawa ya sikio na ahadi ya kurudi kesho. Usiku ule homa ilipopanda alifungua sanduku, akatoa dawa mseto alizonunua duka la dawa la Makere kabla ya kuondoka, akampa mwanawe. Alinieleza sababu yake bila kuona aibu, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo: watu wawili walisema mambo mawili, mmoja alisema kwa Kiswahili na alibonyeza tumbo.

Kosa liko wapi

Jibu la haraka, na ndilo lililoandikwa kwenye barua ya onyo, ni kwamba mwanafunzi alitambua ugonjwa, na kazi hiyo si yake. Ni kweli. Jibu la haraka la jumuiya yetu, nililolisikia kanisani wiki nzima, ni kwamba Wazungu hawajui malaria, dada yetu anaijua, wamemwonea. Hilo nalo lina ukweli ndani yake. Marekani nzima huandikisha wagonjwa wa malaria wapatao 2,000 kwa mwaka, karibu wote wameipata nje. Mtu anaweza kumaliza kazi yake yote ya utabibu hapa bila kumwona mmoja. Na siku 16 tangu kutoka Kigoma zimo ndani ya muda ambao malaria kali hujitokeza, kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu. Mtoto wa hivyo mwenye homa kupimwa malaria ni lazima, tena haraka.

Majibu yote mawili yananikera kidogo, kwa sababu yote yanabishana juu ya kama Mama Mapacha alikuwa na haki ya kujua. Alijua, na kujua hakuna mtu anaweza kukuzuia. Mimi naangalia alichoandika.

Aliandika neno moja. Alikuwa na mambo saba mkononi: siku za homa, saa inapopanda, kutetemeka, kutapika, sikio, siku 16, na dozi mbili zilizotapikwa. Hilo la mwisho hakuna mwingine katika jengo zima aliyelijua, na mpaka kesho yake hakuna aliyelijua, kwa kuwa mama aliona ameshalisema na hakurudia. Nilimuuliza Mama Mapacha kwa nini hakuliandika. Akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, nilikuwa nimeshamaliza."

Ndivyo ilivyo kwa kila anayetibu peke yake. Kituoni milimani, maelezo ya mgonjwa ni njia ya kufikia jibu, na ukishalifikia njia huihitaji tena, kwa sababu anayelitumia jibu ni wewe mwenyewe. Hakuna wa kumkabidhi. Kwenye kliniki ya hapa kazi ya msaidizi wa tiba ni kukabidhi. Anayeamua yuko nje ya mlango na ana dakika chache, ataona kilichoandikwa tu. Ukimpa jibu badala ya maelezo, unamlazimisha ama akuamini bila ushahidi au akupuuze bila ushahidi. Sikio lilipotezwa na neno "malaria". Lingekuwa limeandikwa, mtibu angelianza nalo. Dozi zilizotapikwa zilipotezwa na neno lilelile, na hizo ndizo zingeipa hoja ya Mama Mapacha nguvu kuliko bandama lolote.

Angefanyaje? Hakuna haja ya kubuni kitu kigumu. Angeandika: homa siku tatu, hupanda jioni, alitetemeka usiku, alitapika mara moja, anashika sikio, amefika kutoka Tanzania siku 16 zilizopita, alitapika dozi mbili za dawa ya malaria kabla ya safari. Kisha asingoje zamu. Angetoka akamwambia msimamizi: mtoto ana 102.6 na ametoka eneo la malaria, naomba aonwe sasa. Hapo hajatambua ugonjwa wowote. Amesema mahali, siku na joto, na kila mwenye leseni anayesikia "eneo la malaria" na "homa" katika sentensi moja anajua la kufanya, na asiyejua atatafuta. Kwa mama angesema: nimewaeleza yote uliyoniambia, anayekuja atampima mtoto. Basi.

Kuna kosa la pili ambalo halikuandikiwa barua, na hapo nailaumu kliniki kuliko mwanafunzi. Kumwachia amkalimanie mgonjwa kwa sababu tu lugha anaijua si jambo dogo. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010 kinazibana kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu: mkalimani awe amehitimu, na mfanyakazi kujua lugha peke yake hakumfanyi mkalimani. Wakalimani wa tiba husoma angalau saa 40 kabla ya kufanya mtihani wa cheti, na sehemu kubwa ya saa hizo ni kujifunza kusema yote bila kuongeza, kupunguza wala kueleza kwa maneno yako. Laiti Mama Mapacha angepitia saa hizo kabla ya slaidi za mipaka ya kazi! Mkalimani aliyefunzwa angesema "kama kuku aliyenyeshewa" kwa Kiingereza kama lilivyo, na sikio angelitaja, hata liwe limesemwa mwishoni.

Na la tatu ni langu. Alipokuwa akisitasita kujiandikisha, nilimwambia: utaiweza hiyo kazi, wewe ulishakuwa muuguzi. Nilidhani namtia moyo. Nilimpa mzigo. Baba yangu angekuja leo kufanya kazi yangu angefukuzwa wiki ya kwanza, nami niliyajua hayo kwa kuwa mwaka wangu wa kwanza hapa nilimwambia mzee mmoja wa Kisomali "presha yako ni nzuri", nikaitwa ofisini. Nzuri ni uamuzi. 128 kwa 82 ni kipimo. Ningemsimulia hilo, labda.

Yaliyofuata

Asubuhi yake mama alirudi hospitali kwa kipimo cha pili na akasema, kwa mkalimani, kwamba amempa mtoto dawa. Hapo hali ikachafuka kwa namna ambayo watu wasio wa fani hawaioni. Dawa mseto husafisha vijidudu damuni haraka. Kipimo cha pili na cha tatu vilikuwa safi, ila havikuwa tena na uzito ule wa kipimo cha mtu ambaye hajameza kitu. Cha kwanza kilichukuliwa kabla ya dawa na kilikuwa safi, na sikio lilipona kwa dawa ya sikio, kwa hiyo inaelekea kabisa kwamba malaria haikuwapo. Kabisa kabisa, hata hivyo, hapana. Sentensi ya Mama Mapacha ilileta kipimo na sentensi hiyohiyo ikakitia doa.

Chuo kilimwita. Mkufunzi wake, mama mtu mzima aliyewahi kuwa muuguzi wa jeshi, alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza swali moja: ungekuwa wewe ndiye daktari, ungetaka kukuta nini kwenye skrini? Saa zake 96 zikahesabiwa, 64 zilizobaki akamalizia kliniki nyingine. Barua ya onyo ikabaki kwenye faili la chuo. Alikasirika mwezi mzima. Alisema kwamba kule kwao mtoto angeshatibiwa kabla ya hawa kumaliza kuuliza tarehe ya kuzaliwa. Sikubishana naye, ni kweli, na kule angetibiwa malaria ambayo huenda hakuwa nayo, huku sikio likitoa usaha. Hilo alilisema yeye mwenyewe, wiki kadhaa baadaye, tukiosha vyombo baada ya arusi.

Mtihani wa CMA una maswali 200 katika vipande vinne vya dakika 40. Alifaulu mara ya kwanza. Kliniki iliyompokea kwa zile saa 64 ndiyo iliyomwajiri, na imemlipia mafunzo ya ukalimani ya saa 40, kwa hiyo sasa akimkalimania mtu anafanya hivyo kwa cheti, na saa hizo zinalipwa. Mama wa mtoto ni mgonjwa wa kliniki hiyo. Bado anamwita dokta. Mama Mapacha humsahihisha kila mara, na kila mara haisaidii.

Wiki iliyopita alinipigia saa ya chakula. Kulikuwa na mzee wa Kigoma chumbani, analalamika kichomi, na mkalimani wa simu alikuwa ameligeuza kuwa homa ya mapafu, maana watu wengi kwetu neno hilo hulitumia kwa ugonjwa wenyewe. Aliniuliza neno hilo kwa Kiingereza linaandikwaje. Nikaanza kumwambia kwamba inategemea, kama mzee anakohoa, kama ana homa, huenda kweli ni mapafu. Akanikatiza: "Kaka, mimi sikuulizi anaumwa nini." Akarudi chumbani kumuuliza mzee aonyeshe kwa mkono. Jioni alinisomea alichoandika: maumivu ya kuchoma ubavu wa kulia, huja akivuta pumzi ndani, tangu Jumapili baada ya kubeba kochi.